Barakoa nyeusi, barakoa angavu au ile ya kooni? Jibu kwa muuguzi wa nusukaputi

Swali limetoka kwa muuguzi wa nusukaputi anayefanya kazi katika hospitali ndogo kaunti ya Kisumu. Nalifupisha:

"Habari Daktari. Juzi nilimlaza usingizi mzee wa miaka 78 kwa upasuaji wa ngiri. Mashavu yamebonyea, meno hana. Tunayo barakoa ya mpira mweusi, nambari 4, na Ambu (ule mfuko wa kukamua kwa mkono, unaojijaza wenyewe). Nilipoanza kumpa hewa ilikuwa inatoka pembeni tu, mkono ukafa ganzi, oksijeni ya damu ikashuka hadi asilimia 81 kabla sijafaulu kuweka tyubu kwenye njia ya hewa. Mzee yuko salama, alishaenda nyumbani. Sasa tumepata kifungu kidogo cha pesa. Tununue barakoa za plastiki angavu, LMA au i-gel (zote mbili ni barakoa za kooni), au tutafute mfuko kama ule wa mashine ya nusukaputi tuachane na Ambu? Na nikuulize kwa uwazi: mikono yangu ni midogo. Huenda tatizo ni mimi?"

Dada yangu, hilo la mwisho ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo nianze nalo. Mkono mdogo unachosha, ni kweli, lakini mzee huyo angemsumbua hata mwenye viganja vya mvuvi wa Dunga. Mwaka 2000 madaktari wa Ufaransa walichapisha hesabu ya wagonjwa 1,502 waliolazwa usingizi. Kwa 75 kati yao, yaani asilimia 5, kuwapa hewa kwa barakoa kulikuwa kugumu. Walipochambua wakakuta mambo matano yanayoashiria ugumu huo: umri unaozidi miaka 55, uzito mkubwa kupita urefu, ndevu, kukosa meno, na kukoroma. Mzee wako alikuwa na mawili hata kabla hajapanda mezani, na kama mkewe angeulizwa kuhusu kukoroma labda yangekuwa matatu. Kinachonifariji zaidi katika hesabu ile ni kwamba kati ya hao 75, madaktari wenyewe walikuwa wameuona ugumu mapema kwa 13 tu.

Sasa vifaa. Nina kipimo kimoja ninachotumia kuvilinganisha, na sikukipata kwenye karatasi za wauzaji. Ninauliza: kifaa hiki kikishindwa, kitaniambia saa hiyo hiyo au kitanyamaza? Mgonjwa aliyelegezwa misuli hawezi kulalamika. Oksimita, kile kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni, nayo huchelewa. Hewa inaweza kuwa imekatika nusu dakika au zaidi na kidole bado kinasoma 98, na ikianza kuporomoka inaporomoka kwa kasi. Kwa hiyo kifaa kinachosema ukweli mapema nakiweka mbele ya kile kinachosifiwa kwa ulaini wa mpira wake.

Kwa kipimo hicho, Ambu ni mnafiki. Nasema hivyo nikiwa naipenda. Ukiikamua inatoa, ukiiachia inajaa tena yenyewe kwa ile nguvu ya kuta zake, na itafanya hivyo hata kama hewa yote imevujia pembeni mwa barakoa. Mkono wako unahisi kazi inakwenda. Ukubwa wake wa mtu mzima unabeba lita moja na nusu hivi, nawe unahitaji kama nusu lita tu iingie kifuani, kwa hiyo inaweza kuvuja sana bila wewe kujua. Hivyo ndivyo ilivyoundwa, na si kosa: Henning Ruben, daktari wa nusukaputi wa Denmark, pamoja na mhandisi Holger Hesse walitaka mfuko ambao haungetegemea gesi ya mtungi, na ukaingia sokoni mwaka 1956. Ulizaliwa kwa ajili ya mahali ambapo mtungi umeisha. Sisi tunapajua mahali hapo.

Mfuko wa mashine, ule unaoning'inia na kujazwa na gesi inayotiririka, haujui kudanganya. Barakoa ikivuja unasinyaa mbele ya macho yako. Mapafu yakiwa magumu au koo likifunga, vidole vinahisi ukuta. Mgonjwa akianza kupumua mwenyewe unauona ukicheza. Niliofundishwa nao walikuwa wakisema mkono wa kushoto unashika taya na wa kulia unasikiliza. Kama una mashine iliyo nzima, yenye chokaa ya kunyonya kaboni dioksidi na gesi ya uhakika, tumia mfuko wake kumlaza mgonjwa, na Ambu ikae kando.

Lakini umeniuliza kama mtafute mfuko huo muachane na Ambu, na hapo nasema usithubutu. Piga hesabu nami. Mtu mzima ukimpa mililita 500 mara 12 kwa dakika, hiyo ni lita 6. Mifuko hii isiyo na chokaa, ile ambayo mwanafizikia Mapleson aliipanga kwa herufi mwaka 1954, huhitaji gesi mbichi kama mara mbili ya kiwango hicho ili mgonjwa asirudishiwe pumzi yake chafu. Unazungumzia lita 12 na zaidi kwa dakika. Konsentreta (mashine za stima zinazochuja oksijeni kutoka hewani) nyingi ninazokutana nazo katika hospitali ndogo zinatoa lita 5, zile kubwa 10. Hesabu haiingii. Na stima ikipotea, konsentreta inanyamaza, mfuko unakuwa kama puto la sherehe iliyokwisha jana, na mgonjwa wako amelegezwa misuli. Ambu itaendelea na hewa ya chumbani mpaka jenereta iwake.

Tena hiyo konsentreta ya lita 5 ukiiunganisha na Ambu yenye mfuko wa akiba nyuma, mgonjwa anayepewa lita 6 kwa dakika anapata mchanganyiko wenye oksijeni ya kama asilimia 80. Si haba. Mfuko wa akiba ukiwa umechanika au umepotea, kiwango hicho kinashuka vibaya, maana kila Ambu inapojaa inavuta hewa ya chumbani. Nimeona Ambu nyingi sana zilizopoteza mkia huo. Kabla ya kununua chochote kipya, nenda droo ya thieta leo, angalia mkia upo.

Hapo kuna jambo la mwinuko ambalo vitabu vingi vilivyoandikiwa watu wa pwani haviligusi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 ya lile la Mombasa. Nakuru, kwenye mita 1,850, ni kama asilimia 80. Mgonjwa wa Nakuru anayepewa hewa ya chumbani tupu anaanza na akiba ndogo kuliko wa Kisumu, na wa Kisumu ndogo kuliko wa Mombasa. Kwa hiyo zile dakika tatu za kumvutisha oksijeni kabla ya kumlaza, barakoa ikiwa imekaa sawasawa usoni na si kupeperushwa karibu na pua, zinalipa huku kwetu kuliko pwani. Angalizo: Ambu nyingi hazimpi mgonjwa anayepumua mwenyewe oksijeni ya kutosha kama barakoa haijabana, kwa sababu vali haifunguki mpaka avute, na barakoa ikiwa imelegea anavuta hewa ya pembeni.

Tuje kwenye barakoa yenyewe.

Ile nyeusi ya mpira imetulea wengi. Ina mgongo mgumu, inashikika, na ikiwa mpya inaukumbatia uso vizuri. Shida yake ya kwanza ndiyo ile ile ya kunyamaza: huoni midomo. Mgonjwa akibadilika rangi, akicheua, mate yakijaa, wewe unaona mpira mweusi. Matapishi unayajua yakishatoka pembeni, na wakati huo mengine yameshashuka. Shida ya pili ni kwamba mpira unazeeka. Unakauka, mto wake unapasuka nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha kiangazi, na hauridhiki tena kukaa kwenye shavu. Ya tatu ni kwamba mpira wa asili huwadhuru wenye mzio nao, na huifyonza dawa ya kuulia vijidudu. Ikilowekwa kwenye glutaraldihaidi na isisuuzwe vya kutosha, inaweza kuuchoma uso.

Ile angavu ya plastiki yenye mto wa hewa inakuonyesha ukungu. Kwangu mimi huo ukungu ni nusu ya bei yake. Mgonjwa akitoa pumzi, sehemu ya ndani inafifia, ukimpa hewa, inang'aa, inafifia tena. Bila kapnografu, yaani kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi, hicho ndicho kitu cha karibu zaidi utakachopata cha kukuambia kwamba hewa imeingia na kutoka. (Ukiwa na kapnografu, iunganishe kati ya barakoa na mfuko tangu pumzi ya kwanza, usisubiri tyubu.) Mto wake una kivali kidogo juu, watu wengi hawajui kinafanya kazi gani. Tia hewa kwa bomba la sindano mpaka mto uwe kama tairi la boda lililopungua upepo kidogo: ukibonyeza kwa kidole unaingia, ukiachia unarudi. Ukiujaza ukawa mgumu kama mpira wa miguu, hautafuata mabonde ya uso na utavuja kuliko mwanzo. Uso wa mzee aliyebonyea mashavu unataka mto laini.

Hizo za plastiki zimetengenezwa zitumike mara moja zitupwe. Najua zinavyotumika kwetu, sihitaji kuambiwa. Kama mnajua hakika mtazirudia, basi tumieni pesa hiyo kwa barakoa za silikoni, ambazo nazo ni angavu lakini zinavumilia otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) mara nyingi kwa masharti ya aliyezitengeneza. Plastiki ya kawaida ukiichemsha inajikunja, na barakoa iliyojikunja haikai usoni hata umwite nani.

Ukubwa. Umesema mlikuwa na nambari 4 peke yake. Hapo ndipo ningeweka shilingi ya kwanza. Barakoa inapaswa kuanzia kwenye daraja la pua na kuishia kwenye kile kibonde kati ya mdomo wa chini na kidevu, bila kugusa macho. Mzee asiye na meno uso wake umefupika; nambari 4 inaning'inia chini ya kidevu na hewa inatorokea hapo. Wakati mwingine nambari 3 inamaliza ugomvi wote. Wakati mwingine, kinyume chake, kubwa zaidi inayolaza mashavu ndani yake ndiyo inayofaa. Huwezi kujua ukiwa na moja.

Kwa wazee wa aina hiyo kuna mbinu ambayo natamani ningeonyeshwa miaka kumi mapema. Huku kwetu bado tunakutana na wazee wa Kiluo waliong'olewa meno sita ya chini ujanani kwa desturi, na umri ukaja kuchukua yaliyobaki. Mdomo wa chini unakosa wa kumwegemea, unaingia ndani. Basi badala ya kuweka ukingo wa chini wa barakoa juu ya kidevu, uinue na uulaze ndani ya mdomo wa chini, juu ya ufizi, mdomo wenyewe ubaki nje ya barakoa ukiukumbatia ukingo. Sehemu ya juu inabaki pale pale puani. Uvujaji wa pembeni unapungua palepale. Na kama mgonjwa ana meno ya bandia yaliyokaa imara, usikimbilie kuyatoa. Mwache nayo wakati wa kumpa hewa kwa barakoa, uyatoe unapotaka kuingiza laringoskopu, chombo cha kuangalia kooni. Ndevu ni habari nyingine. Mzee wa Akorino kule Nakuru hutamnyoa bila ridhaa yake, na huenda asiitoe. Paka jeli kwenye ndevu, au ziba kwa ile bandeji nyembamba angavu ya kufunikia kidonda, ukiiacha wazi mdomoni na puani. Au usihangaike na uso kabisa, nenda moja kwa moja kooni, nitakuja hapo.

Kabla ya hapo, mkono. Angalia wako sasa hivi ukisoma. Kidole gumba na cha shahada vinaizunguka shingo ya barakoa. Vitatu vilivyobaki viko kwenye taya. Wengi hukosea katika vile vitatu: vinazama kwenye nyama laini chini ya kidevu. Kule hakuna mfupa, kuna ulimi. Unausukuma ulimi juu, unaziba koo kwa mkono wako mwenyewe, halafu unabana barakoa kwa nguvu zaidi kwa sababu hewa haiingii. Kwa mtoto mdogo hilo linatokea kwa kidole kimoja tu. Vidole vikae kwenye mfupa, na kile cha mwisho kifike kwenye pembe ya taya chini ya sikio. Kisha uso ndio unaoletwa kwenye barakoa, taya linavutwa juu kuifuata. Ukiona unaikandamiza barakoa chini kama unga wa chapati, umeshageuza kazi.

Kwa mkono mdogo pembe ya taya haifikiki ukiwa umeshika barakoa ya mtu mzima. Ni suala la urefu tu. Kwa hiyo usishike kwa mkono mmoja. Shika kwa yote miwili: vifundo vya gumba vikilala pande mbili za barakoa vikielekea miguuni, vidole vinne vya kila upande nyuma ya taya vikilivuta juu, na mtu mwingine akamue Ambu. Majaribio kwa watu waliolazwa usingizi yameonyesha mikono miwili ikipitisha hewa nyingi kuliko mmoja, na misuli ya mkono inakubali. Mtu wa pili si lazima awe na diploma ya nusukaputi. Mfundishe muuguzi wa thieta, au hata yule anayesukuma machela: kamua kwa mkono mmoja, taratibu, hesabu moja, mbili, kifua kikiinuka acha. Mara kumi hadi kumi na mbili kwa dakika. Mwambie asikamue kwa mikono miwili, maana hapo anaweza kufikisha karibu lita nzima kwa mkupuo, na ziada inakwenda tumboni.

Tumbo linastahili aya yake. Mlango wa umio hukaa umefungwa mpaka shinikizo lifike kama sentimita 20 za maji. Ukizidisha hapo, hewa inashuka tumboni, tumbo linajaa, linasukuma mapafu, unakamua kwa nguvu zaidi, na mwisho wake ni matapishi. Ambu za watoto nyingi zina vali ya usalama inayofunguka kwenye 40, ambayo unaona ni mara dufu. Haikulindi na tumbo. Kinacholinda ni kukamua polepole na koo lililo wazi. Mrija wa Guedel, ule uliopinda unaowekwa mdomoni ili ulimi usizibe koo, ukiwa na ukubwa sahihi na mgonjwa akiwa amelala vya kutosha, hukupunguzia shinikizo unalohitaji, na ni kipande cha plastiki cha bei ya soda mbili tatu. Sikusikia ukiutaja katika habari ya mzee wako. Kama haukuwekwa, basi hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa barakoa ya kooni. Daktari wa Uingereza Archie Brain aliianzisha London mwaka 1981, akianza kwa kuunganisha mto wa barakoa ya pua ya madaktari wa meno na mrija. Ikaingia sokoni 1988. Wazo lake ni rahisi ukilitazama sasa: badala ya kufunga hewa usoni, penye ndevu, mashavu na pua za kila namna, fungia kooni, kuzunguka mlango wa koromeo. Mzee wako na mashavu yake hana tofauti na kijana wa miaka ishirini kule chini. Na mikono yako yote miwili iko huru kuvuta dawa kwenye sindano au kufyonza mate. Ukiniuliza ni kifaa gani kingekuokoa siku ile oksijeni ikiwa 81, ni hiki.

Kati ya LMA ya kawaida na i-gel, sina ushabiki wa timu. LMA ya kawaida ya silikoni inaruhusiwa kutumika hadi mara 40 kwa otoklevu, mradi mhesabu kwa kadi na msiilaze kwenye glutaraldihaidi. Utoe hewa yote ya mto kabla ya kuiingiza otoklevu, la sivyo hewa iliyobaki inapanuka na kuupasua. Ukiitumia, nambari 3 ni kwa kilo 30 hadi 50, nambari 4 kwa 50 hadi 70, 5 kwa 70 hadi 100. Kiwango cha hewa kilichoandikwa, mililita 20, 30 na 40 kwa zamu, ndicho cha juu kabisa, si agizo. Wengi hutosheka na nusu yake. Inaziba vizuri mpaka kama sentimita 20 za maji, ikizidi inavuja, na utasikia mlio mdogo mdomoni. Huo mlio ni ukweli wake, uheshimu.

i-gel haina mto wa kujaza. Imeumbwa kwa plastiki laini inayofuata umbo la koo, ina mrija wa pembeni wa kutolea vya tumboni (isipokuwa nambari 1 ya watoto wachanga), na inaingia haraka hata mkono ukiwa unatetemeka. Kwa kawaida inahimili shinikizo kubwa kidogo kuliko LMA ya kawaida. Ni ya kutumika mara moja. Kwa hospitali yenye upasuaji mwingi wa kila siku, LMA ya kurudiwa inaokoa pesa. Kwa ninyi, ambao mnaihitaji zaidi kama mkombozi, ningeweka i-gel mbili za nambari 3 na mbili za nambari 4 kwenye boksi la dharura, zisifunguliwe mpaka siku yake, na tarehe ya mwisho iandikwe kwa maka nje ya boksi.

Ila sikiliza: haizuii matapishi. Mama wa upasuaji wa kujifungua, mtu aliyezibika utumbo, dereva wa boda aliyegongwa saa moja baada ya kula, hao wanahitaji tyubu. Kama tyubu imekataa na oksijeni inashuka, hapo unaiweka bila kusita, kwa sababu hakuna aliyewahi kuokolewa na mapafu safi yasiyo na hewa. Na kwa mama huyo huyo, kumpa pumzi chache za upole kwa barakoa kati ya jaribio moja na lingine, chini ya sentimita 20 za maji, kunakubalika leo. Ile sheria tuliyokaririshwa ya kutomgusa kabisa imelegezwa.

Nikupe kisa kimoja, cha hospitali nisiyoitaja, ya miaka ya nyuma. Ambu ilioshwa vizuri, ikaanikwa dirishani vipande vipande, jioni ikaunganishwa. Usiku ikaletwa. Nilikamua, ikatoa, ikajaa, ikatoa, ikajaa. Kifua kimetulia kama meza. Nikabadilisha barakoa, nikabadilisha mshiko, nikalaumu ndevu. Ile vali ndogo ya mpira, yenye mdomo kama wa bata, ilikuwa bado dirishani. Kila nilipokamua, hewa ilitokea tundu la kutolea pumzi, mbele ya pua yangu. Tuliokolewa na LMA na Ambu ya wodi ya watoto wachanga, tukaikamua haraka haraka mpaka kubwa ikaletwa kutoka kitengo cha majeruhi.

Tangu siku ile sishiki Ambu bila glavu. Chukua glavu moja ya kawaida, vuta mdomo wake juu ya tundu la Ambu linaloelekea kwa mgonjwa, kamua. Vidole vya glavu vinasimama kama vinakusalimia, halafu vinalala hewa ikitokea pembeni. Visiposimama, vali haipo au imegeuzwa. Vikisimama visilale, njia ya kutolea imeziba, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu mapafu yatajazwa mpaka yapasuke. Kisha ziba tundu kwa kiganja na ukamue tena: isikubali. Sekunde kumi na tano. Fanya asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, na baada ya kila kuoshwa, na usimwachie mtu mwingine.

Ile barakoa ya kuvaliwa ndani ya midomo kama ya mpiga mbizi, ambayo huenda umeiona kwenye intaneti, wazo lake linavutia kwa wenye ndevu, lakini bado unalazimika kuziba pua na kushika taya. Kwa kifungu kidogo singeigusa.

Kwa hiyo ukienda kwa mtu wa manunuzi, agiza hivi. Barakoa angavu za silikoni kuanzia 0 hadi 5, mbili mbili kwa 3, 4 na 5. Seti ya Guedel, saizi zote. Ambu ya pili ya mtu mzima na moja ya mtoto, zote na mifuko yake ya akiba. Zile i-gel nne. Pesa zikigoma kutosha, punguza i-gel ziwe mbili, moja ya kila nambari, lakini usipunguze saizi za barakoa. Ile nyeusi ichunguze kwenye mwanga. Kama mto hauna nyufa, ibaki nayo chumba cha mazoezi, umfundishie yule kijana wa machela. Usimfundishie kwenye sanamu peke yake. Mwache akamue huku wewe umeshika taya la mgonjwa wa kweli, kijana mwembamba mwenye meno yote, asubuhi moja isiyo na haraka, ili siku ya mzee mwingine asiwe anaiona Ambu kwa mara ya kwanza.